Timu yako ya NFL inaburuza mkia? Namna ya kuufuatilia msimu wake ukiwa Mtwara au Lindi

Timu ya Ligi Kuu ikianza kupigwa mfululizo, vijiweni swali huwa moja: itashuka au itanusurika? Mashabiki wa Ndanda pale Nangwanda Sijaona wanalijua vizuri, maana timu yao ilishuka daraja mwaka 2020. Ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, NFL, haina swali hilo. Timu ni 32 na hakuna inayoshuka. Fedha za mikataba ya kitaifa ya televisheni hugawanywa sawa kwa sawa, kwa bingwa na kwa kichwa cha mwendawazimu. Kwa hiyo ukiufuatilia msimu mbovu wa NFL kwa macho ya Ligi Kuu, kufikia Novemba utaona hakuna kilichobaki cha kutazama, wakati ndiyo kwanza mambo yanaanza kunoga.

Mwongozo huu ni wa shabiki ambaye ameshachagua timu, na timu imemwangusha.

Saa za mechi: hapa timu mbovu ina faida

Kila timu hucheza mechi 17 katika wiki 18, kuanzia mapema Septemba hadi mwanzoni mwa Januari, na wiki moja ya kupumzika katikati. Huku kusini huo ni msimu wa korosho, kwa hiyo anayeshinda shambani au mnadani anataka mechi anazoweza kuzitazama bila kukesha.

Mechi nyingi za Jumapili huanza saa 7 mchana kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa 2 usiku, Septemba na Oktoba. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, sisi tunabaki palepale, na mechi hizohizo zinahamia saa 3 usiku. Kila mwaka kuna watu wanaowasha simu saa 2, wanakuta watangazaji bado wanapiga soga, wanadhani mechi imeahirishwa na kwenda kulala. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda mapema.

Kundi la pili la Jumapili huanza saa 5:05 au 5:25 usiku kwetu, na baada ya mabadiliko ya Novemba saa 6:05 au 6:25. Mechi kubwa ya Jumapili usiku huangukia saa 9:20 alfajiri ya Jumatatu, baadaye saa 10:20. Za Jumatatu na Alhamisi usiku ni saa 9:15, kisha 10:15, nazo kwetu huwa tayari ni Jumanne na Ijumaa.

Televisheni huwapa timu kali saa za usiku wa Marekani. Timu inayopoteza hurundikwa saa 7 mchana, na hata iliyopangiwa Jumapili usiku inaweza kuondolewa ili nafasi yake ichukuliwe na mechi yenye mvuto. Mabadiliko hayo ya Jumapili usiku huweza kuanza wiki ya 5, na taarifa hutolewa siku 12 kabla. Kuanzia wiki ya 14 huweza kuwa siku 6 tu. Kwa hiyo kadiri timu yako inavyozidi kuwa mbovu, ndivyo inavyozidi kucheza saa ambayo mtu wa Mikindani au Nachingwea yuko macho. Anayeshabikia bingwa ndiye anayekesha.

Faida hii ni kubwa kwa timu za mashariki na katikati: Panthers, Jets, Giants, Browns, Titans. Timu ya pwani ya magharibi, hata iwe mbovu vipi, mechi zake za nyumbani nyingi hubaki kwenye saa 5 na 6 usiku. Mechi za Ulaya ni tamu zaidi, kwani zile za saa 3:30 asubuhi ya mashariki ya Marekani kwetu ni saa 10:30 jioni, na saa 11:30 baada ya Novemba. Jaguars huenda London karibu kila mwaka. Lions nao hucheza Alhamisi ya sikukuu ya shukrani mwishoni mwa Novemba, wawe wazuri au wabovu, na kwetu mechi yao huanza saa 2:30 au saa 3 usiku.

Kuitazama bila kumaliza bando

Kibanda umiza usikitegemee. Jumapili saa 2 usiku wateja ndio wanatoka kwenye Ligi Kuu ya England na wanasubiri ya Hispania, na mwenye kibanda hawezi kuwaudhi watu 60 kwa ajili ya mmoja. ESPN kupitia DStv huonyesha baadhi ya mechi za NFL, ila kwa kawaida huchagua zile kubwa. Timu yako si mojawapo.

Njia ya uhakika ni Game Pass, huduma ya NFL ya kutazama mechi mtandaoni, ambayo nje ya Marekani hupatikana ndani ya jukwaa la DAZN. Hulipiwa kwa kadi, na kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kupitia huduma za fedha za simu kwa kawaida inatosha. Malipo yakikataa, mara nyingi sababu ni salio: bei iko kwa dola, na makato ya kubadilisha fedha hayakuhesabiwa. Weka ziada kidogo kabla ya kujaribu tena. Ukishalipia, zima kujirudia kwa malipo siku hiyohiyo, usingoje msimu uishe.

Mechi moja huchukua zaidi ya saa 3, lakini mpira wenyewe huwa mchezoni kwa takriban dakika 11 tu. Kwa ubora wa 480p, saa moja hula kama MB 700, hivyo mechi nzima ni zaidi ya GB 2. Kwa timu inayofungwa 31 kwa 6, huo ni ufujaji. Tazama toleo lililofupishwa la kama dakika 40, ambalo limeondoa mapumziko na matangazo yote na kuacha kila mchezo. Hilo linakula takriban nusu GB, na ndilo linalofaa kwa kazi inayofuata, kwa sababu unaweza kusimamisha na kurudisha. Zima arifa za matokeo kwenye simu kabla ya kulala, la sivyo utaamshwa na habari mbaya.

Daftari la mechi

Rekodi ya 3-14 inakuambia timu imeshinda 3 na kupoteza 14. Haikuambii imepotezaje, na humo ndimo mlimo na msimu wenyewe. Chukua daftari la kawaida, ukurasa mmoja kwa kila mechi, uandike mambo sita. Yote hupatikana bure kwenye takwimu za mechi, isipokuwa la tano linalohitaji macho yako.

La kwanza ni matokeo na tofauti ya pointi. Iwekee alama mechi iliyoisha kwa tofauti ya pointi 8 au pungufu. Pointi 8 ndizo nyingi zaidi timu inazoweza kupata kwa shambulizi moja, yaani tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani) ya pointi 6 na nyongeza ya 2, kwa hiyo mechi ya namna hiyo ilikuwa bado mikononi mwa timu zote mbili.

La pili, mipira iliyopotezwa ukilinganisha na iliyonyakuliwa. Hesabu pasi zilizonaswa pamoja na mipira iliyodondoshwa ikaokotwa na adui. Zitenge, usiziweke kapu moja. Mpira ukishadondoka, nani anauokota ni bahati zaidi kuliko ufundi. Timu iliyodondosha mara 10 na kupoteza 8 imeonewa na bahati, na hali hiyo haidumu.

La tatu, jaribio la tatu. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na jaribio la tatu ndilo linaloamua kama itaendelea na mpira au itaupiga teke kuurudisha. Wastani wa ligi unazunguka asilimia 40. Chini ya 30 kwa wiki kadhaa, safu ya ushambuliaji imekufa. Lakini tazama pia yadi zilizokuwa zimebaki. Kama timu kila mara inafika jaribio la tatu ikiwa na yadi 9 au zaidi, kosa liko kwenye majaribio mawili ya mwanzo, na kumlaumu kwotabeki, yaani mrushaji wa mpira anayeongoza mashambulizi, kwa la tatu ni kumwonea.

La nne, kwotabeki ameangushwa mara ngapi kabla ya kuachia mpira. Mara 2 au 3 ni kawaida, 5 ni balaa. Bryce Young wa Panthers aliangushwa mara 62 katika mechi zake 16 za msimu wa 2023, msimu wake wa kwanza.

La tano ndilo wengi hawaliandiki: ukuta wa mbele. Wachezaji 5 wanaomkinga kwotabeki, je, ni walewale wa wiki iliyopita? Andika namba zao za jezi mwanzoni mwa kila robo. Ukuta uliobadilishwa mara tatu kwa mwezi hauelewani, na madhara yake huonekana kwa mtu mwingine: kwotabeki anaachia mpira mapema, wakimbiaji hawapati mwanya, na jina linalotukanwa mtandaoni ni la kwotabeki. Kabla ya mechi, orodha ya wasiocheza hutangazwa dakika 90 kabla ya kuanza. Kwa mechi ya saa 2 usiku, hiyo ni saa 12:30 jioni. Ukiona ukuta una pengo, unajua tayari usiku utakuwaje.

La sita, timu ikiingia ndani ya yadi 20 za mpinzani inatoka na nini. Pointi 7, 3, au kapa.

Baada ya mechi 6, soma daftari kwa kushuka chini, safu kwa safu. Safu ya nne na ya tano zikiharibika kwa pamoja, ugonjwa ni ukuta. La pili likiwa baya peke yake, subiri, huenda likajinyoosha lenyewe. La tatu na la sita zikiwa mbovu huku ukuta uko imara, hapo ndipo kwotabeki au kocha wa ushambuliaji anapaswa kuulizwa.

Na angalia kama kuna mtu mmoja tu aliyekosekana. Colts walikuwa timu ya kila mwaka kwenye mtoano hadi kwotabeki wao Peyton Manning alipokosa msimu mzima wa 2011 kwa jeraha la shingo, wakamaliza 2-14 (enzi hizo mechi zilikuwa 16). Wakampata kwotabeki mwingine, Andrew Luck, na mwaka uliofuata walishinda 11.

Hesabu ya kupima bahati

Chukua pointi zote timu ilizofunga, uzidishe kwa zenyewe. Fanya vivyo hivyo kwa ilizofungwa. Jumlisha majibu mawili, gawa lile la kwanza kwa jumla hiyo, kisha zidisha kwa idadi ya mechi. Unapata ushindi uliostahili.

Detroit Lions wa 2008, timu ya kwanza kupoteza mechi zote 16, walifunga pointi 268 na kufungwa 517. Kipeo cha pili cha 268 ni 71,824, cha 517 ni 267,289, jumla 339,113. Ukigawa unapata 0.212, na mara 16 ni 3.4. Wachambuzi hutumia kipeo cha 2.37 badala ya 2, nacho huwashusha Lions hadi kama 2.8. Kwa vyovyote vile walistahili ushindi mmoja mmoja hapa na pale, lakini wa kutosha kuwa timu nzuri hata kidogo? Hapana. Msimu uliofuata walishinda 2.

Panthers wa 2023, pointi 236 kwa 416, hesabu ya kipeo cha pili inawapa 4.1, wao wakapata 2. Pengo la ushindi 2 au zaidi ni ishara ya bahati mbaya. Pengo dogo maana yake timu ni mbovu kama inavyoonekana. Hesabu hii inafanya kazi hata kwa upande wa pili: Vikings wa 2022 walishinda 13 wakati tofauti ya pointi walizofunga na walizofungwa ilikuwa hasi, mechi 11 wakishinda kwa tofauti ya pointi 8 au pungufu bila kupoteza hata moja ya namna hiyo. Mwaka uliofuata wakawa 7-10.

Drafti, yaani kwa nini mechi za lala salama zina moto

Mwishoni mwa Aprili timu huchagua wachezaji kutoka vyuo vikuu, raundi 7. Timu 18 zilizokosa mtoano huchagua kwanza, kuanzia yenye rekodi mbaya kuliko zote. Zikilingana, huangaliwa wapinzani wake walikuwa na ushindi kiasi gani, na iliyokuwa na ratiba nyepesi zaidi hutangulia, kwa hoja kwamba imepoteza mbele ya wadhaifu. Msimu wa 2024 Titans, Browns na Giants walimaliza wote 3-14, wakapewa machaguo matatu ya kwanza kwa mpangilio huo huo, na Titans wakamchukua kwotabeki Cam Ward.

Kuanzia Desemba, basi, fuatilia misimamo miwili: wa kawaida, na ule wa kuelekea drafti. Katika daftari lako tenga ukurasa wa timu 5 za mwisho, ushindi wao na mechi zilizobaki kati yao.

Ushindi mmoja wa siku ya mwisho unaweza kuhamisha mambo kwa miaka. Tarehe 8 Januari 2023 Houston Texans walikuwa na ushindi 2 tu, na wakipoteza kwa Colts wangechagua wa kwanza. Walikuwa nyuma 31-24, zimebaki sekunde chache zaidi ya 50, jaribio la nne, yadi 20 za kwenda. Davis Mills akarusha mpira, Jordan Akins akaudaka ndani ya eneo la mwisho. Teke la nyongeza lingeleta sare na muda wa ziada. Wakaamua kutafuta pointi 2, Akins tena, 32-31. Kocha Lovie Smith kibarua chake kiliota nyasi usiku huohuo.

Texans walimaliza 3-13-1, Chicago Bears 3-14. Sare huhesabiwa nusu ushindi, hivyo Bears wakawa wa mwisho na chaguo la kwanza likawa lao. Wakaliuza kwa Panthers kwa mchezaji DJ Moore na chaguo kadhaa, likiwemo la raundi ya kwanza la 2024. Panthers wakamchukua Bryce Young, Texans waliobaki namba 2 wakamchukua C.J. Stroud. Stroud akaipeleka Texans kwenye mtoano mwaka uleule. Panthers wakawa 2-15, wakamfukuza kocha Frank Reich baada ya mechi 11, na mechi mbili za mwisho wakatoka kapa, 26-0 na 9-0. Chaguo la kwanza walilolipata kwa kuteseka hivyo halikuwa lao tena. Bears walilichukua na kumpata Caleb Williams.

Kwa hiyo kabla hujaanza kujifariji kwamba vichapo vina faida, hakikisha chaguo la raundi ya kwanza la mwaka unaofuata bado ni la timu yako. Kosa hili ni la kawaida sana, na ni rahisi kulikwepa: orodha ya machaguo yaliyouzwa iko wazi.

Je, wachezaji hupoteza kwa makusudi? Wachezaji, hapana. Timu ina nafasi 53, mikataba mingi haina uhakika kamili, na video ya mechi ndiyo barua ya maombi ya kazi kwa timu nyingine. Uongozi ndio unaoweza kulegeza kamba, kwa kuuza wazoefu kabla dirisha halijafungwa, Jumanne baada ya wiki ya 9, au kumweka majeruhi nje kwa msimu mzima. Ukiona kwotabeki wa akiba ya akiba anaanza mwezi Desemba, usiulize kocha anafikiri nini. Patriots walikuwa na chaguo la kwanza mkononi wakiingia wiki ya 18 ya msimu wa 2024, wakawafunga Bills 23-16 na wakaporomoka hadi la nne. Wachezaji walishangilia kama kawaida, na kocha akafungashiwa virago siku hiyohiyo.

Baada ya mechi ya mwisho

Jumatatu inayofuata wiki ya 18 huitwa Jumatatu Nyeusi, siku makocha wengi wanapotimuliwa. Kocha akibaki baada ya rekodi kama 4-13, soma mkataba wake na umri wa kwotabeki kabla ya kusema uongozi umelala. Detroit hawakumfukuza Dan Campbell baada ya 3-13-1 mwaka 2021, wala alipoanza 2022 kwa 1-6. Walimaliza mwaka huo 9-8, na uliofuata 12-5.

Fedha nazo zitazamwe mapema. Kikomo cha mishahara kilikuwa dola milioni 255.4 kwa timu kwa msimu wa 2024 na milioni 279.2 kwa 2025. Ndani yake mna malipo ya wachezaji walioshaondoka: Broncos walipomwacha Russell Wilson, milioni 85 zilibaki kwenye vitabu vyao kwa miaka miwili. Timu mbovu yenye mzigo wa namna hiyo haiwezi kusajili kwa nguvu mwezi Machi, hata kama mwenye timu ana fedha za kufurika. Isiyo na mzigo, iliyo na chaguo la juu, na yenye pengo la ushindi 2 kwenye ile hesabu, ndiyo ya kuiwekea matumaini.

Raundi ya kwanza ya drafti huanza Alhamisi usiku kwao, ambayo kwetu ni saa 9 alfajiri ya Ijumaa. Kama timu yako inachagua namba 1 au 2, weka kengele na urudi kulala baada ya dakika 20. Kama ni namba 14, soma asubuhi.

Ratiba yenye tarehe hutolewa Mei, lakini wapinzani wanajulikana tangu Januari. NFL ina kanda mbili, kila moja ikiwa na makundi manne ya timu nne. Mechi 6 ni dhidi ya timu 3 za kundi lenu, nyumbani na ugenini. Nane ni za makundi mawili yanayopangwa kwa mzunguko, moja la kanda yenu na moja la kanda ya pili. Tatu zilizobaki ni dhidi ya timu zilizomaliza nafasi sawa na yenu kwenye makundi mengine, kwa hiyo aliyeshika mkia wa kundi hupewa wenzake watatu walioshika mkia. Ziandike hizo tatu kwanza kwenye daftari jipya.